Kitufe Chenye Plasta

Nchi yenyewe msiitafute kwenye ramani, haimo. Na mtu akikuambia ameiona, mwulize alikuwa na nani, kisha andika majina yao. Ndivyo wafanyavyo huko huko.

Inaitwa Uteuzini. Ni nchi njema, ina mvua za kutosha na hotuba za ziada. Wananchi wake hulala mapema, isipokuwa wenye vyeo. Hao hawalali mpaka taarifa ya habari ya saa mbili usiku imalizike, kwa sababu kila mwenye kiti amekalishwa na Mteuzi Mkuu, na kila usiku Mteuzi Mkuu huteua hawa na kutengua wale kwa kinywa cha mtangazaji wa redio. Mtu huanza kula ugali akiwa Mkuu wa Wilaya, akaumaliza akiwa baba Mwajuma. Wake za wakubwa walikwisha acha kupika samaki wa miiba usiku, maana wengi walikabwa.

Basi neno "teua" katika nchi hiyo husemwa kwa tabasamu, na neno "tengua" halisemwi kabisa. Mzee akianguka akatenguka nyonga, hufika kwa daktari akasema nyonga yake imepata changamoto.

Ikatokea siku Mteuzi Mkuu akahutubia mkutano wa mataifa, akasema kuwa watumishi wote wa serikali za mitaa nchini mwake wana ujuzi wa kidijitali. Mataifa yakapiga makofi. Waziri aliyekaa nyuma yake hakupiga. Viganja vyake vilikuwa vimelowa jasho. Mteuzi Mkuu hasemi uongo, hilo linajulikana. Lililobaki ni kuukimbiza ukweli uifikie hotuba kabla ndege yake haijatua. Simu zikapigwa, magari yakatoka, na wiki ile ile mafunzo yakafika hadi Wilaya ya Nyamaza, ambako Siwema alikuwa karani wa masjala.

*

Siwema hakuwa mteule wa mtu. Aliomba kazi, akafanya usaili, akapewa mkataba. Wenzake ofisini walilichukulia jambo hilo kama kilema kidogo, wakawa hawalitaji mbele yake.

Wiki ile roho yake haikuwa kwenye mafunzo. Mdogo wake, Havijawa, alikuwa wodi ya wazazi na mimba yake ya kwanza. Mtoto alikuwa amekaa kitako tumboni, hageuki kwa kukandwa wala kwa dua, na daktari alikwisha sema: Ijumaa tunampasua, tusisubiri uchungu umkolee. Wazazi wao walikuwa wamekufa. Walibaki wao wawili, kama pembe za ng'ombe mmoja.

"Da' Siwema," Havijawa alimwambia asubuhi ya Ijumaa hiyo, akiwa amelala mzungu wa nne, kichwa huku na miguu kule, na mama wa Kinyamaza aliyekuwa na vidole vya miguu vya baridi, "wakinikata, uwe nje ya mlango."

"Nitakuwa nje ya mlango."

"Usiende kwenye kompyuta zenu."

"Nikikosa leo wanaandika sina ujuzi. Ni kufunga tu. Mgeni rasmi anabonyeza, tunapiga makofi, narudi."

Pale wodini kulikuwa na kitanda kimoja kitupu, karibu na dirisha, chenye chandarua na shuka lililopigwa pasi. Kilikuwa cha viongozi wateule na watu wao. Nesi Apolonia alikifuta vumbi kila siku. Watu wawili wawili na watatu watatu waliokuwa kwenye vitanda vingine walikitazama kama watazamavyo mwezi.

*

Mafunzo yalikuwa ukumbini. Mwezeshaji alikuwa Gervasi, kijana kutoka Makao Makuu, shati lake limechomekewa vizuri na sauti yake ya upole. Alileta kompyuta mpakato moja. Washiriki walikuwa wameujaza ukumbi, kwa hiyo waliobaki walipewa maboksi ya biskuti yaliyochorwa vibonye kwa kalamu ya wino, wakajifunza kuchapa juu yake. Afisa Kilimo alipongezwa mbele ya wote kwa kasi yake. Boksi lake halikuwa na kosa hata moja.

Walichofundishwa ni Mfumo wa Wakazi. Kila mkazi wa wilaya alikuwa ameingizwa humo, na sheria mpya ilisema asiyemo asihudumiwe: asipewe dawa, asichote maji ya bomba, asizikwe. Mfumo wenyewe ulitungwa na mabingwa wa lugha, kwa Kiswahili kitupu, maneno yenye mizizi yake, hakuna la kuazima. Kitufe cha kuchagua waliandika *Teua*. Cha kuondoa, *Futa*. Na cha kurudisha ulipokosea wakaandika *Tengua*. Usiku walipomaliza kazi, mabingwa hao walilala usingizi mnono. Hawakuwa na vyeo.

Siku ya kwanza Gervasi alisema kwa nia safi, "Na ukikosea usiogope. Unatengua tu."

Kiti kikaanguka mahali fulani katikati ya ukumbi. Bi Sikudhani, mwanasheria wa halmashauri, akasimama na kitabu chake cha sheria, ambacho huenda nacho hata msalani.

"Kijana, rudia."

"Nimesema unatengua..."

"Nani anatengua?"

"Wewe, mama. Yeyote."

"Yeyote!" Bi Sikudhani akafungua ukurasa bila kuutafuta. "'Mamlaka ya kutengua ni ya Mteuzi Mkuu peke yake. Yeyote mwingine atakayetengua, atakayejaribu kutengua, au atakayeonekana usoni kama mtu anayewaza kutengua, atakuwa ametenda kosa.' Haya. Tuangalie nyuso."

Watu wote wakatazama chini, kila mmoja akijitahidi uso wake usiwaze kitu.

Kwenye kiti cha nyuma kabisa alikuwapo bwana mmoja wa miwani myeusi. Hakuwa mshiriki, hakuwa mwalimu, na hakuna aliyemwuliza alikuwa nani, jambo lililoonyesha kwamba wote walijua. Akainuka taratibu, akaenda hadi mezani, akatoa mfukoni plasta ya kufungia kidonda, akaibandika kwenye kona ya kioo, juu ya kile kitufe. Akailainisha kwa kidole gumba. Akarudi kukaa.

Tangu hapo kitufe kikaitwa "kile cha kona", na wiki nzima hakuna aliyekosea. Kila aliyehisi anakaribia kukosea aliinua mikono yake kutoka kwenye kompyuta na kuomba ruhusa ya kwenda haja.

*

Ijumaa mgeni rasmi alikuwa Mkuu wa Wilaya mwenyewe, Mheshimiwa Fungameza. Kompyuta iliwekwa juu ya meza, ikavishwa kitambaa cha kijani, ikafungwa utepe. Mheshimiwa akakata utepe kwa mkasi wa mshonaji, kisha akahutubia.

"Ndugu watumishi! Dijitali ni dijitali. Palipo na dijitali, hapo ndipo penye dijitali. Na mimi nasema, na ninarudia kusema, na nitaendelea kurudia: asiyeijua dijitali, dijitali itamjua!"

Makofi. Siwema alipiga makofi akiangalia simu yake iliyokuwa mapajani. Kimya. Labda walikuwa wamekwisha mwingiza Havijawa. Labda alikuwa anauliza yuko wapi dada yake.

"Sasa, Mheshimiwa," Gervasi akasema, "ungebonyeza mahali popote, kama ishara ya uzinduzi. Popote tu."

Huyo ndiye aliyesema *popote*. Tukumbuke hilo, maana baadaye kila mtu alilikumbuka.

Mheshimiwa akainama. Majina ya wakazi yalikuwa yamejipanga kwenye kioo, safu kwa safu. Macho yake yakatembea, yakaruka plasta kwa adabu, yakasimama kwenye kitufe kimoja. Midomo yake ikasoma polepole: *Teua Yote.*

Fikirieni mtu aliyeteuliwa akiwa kijana, akateuliwa akiwa na mvi, ambaye kila usiku ameisikiliza redio na mkono kifuani, na ambaye maishani mwake hajawahi kumteua hata mpishi. Mpishi naye aliletwa. Mheshimiwa akatabasamu kama mtoto aliyeachiwa chungu cha asali, akabonyeza.

Majina yote yakageuka bluu. Chini kukaandikwa: *Umeteua wakazi wote.*

"Mheshimiwa," Bi Sikudhani akanong'ona, na mnong'ono wake ulifika hadi mlangoni, "umeteua."

"Nimebonyeza."

"Umeteua wilaya nzima. Mwenye mamlaka ya kuteua ni mmoja tu nchini."

Huko nyuma, bwana wa miwani akatoa kalamu.

Damu ilimhama Mheshimiwa usoni, mtu aliweza kuiona ikishuka shingoni. "Iondoeni! Haraka, kabla haijafika juu!"

"Haina shida, Mheshimiwa," Gervasi akasema. "Unagusa pembeni tu, bluu inatoka..."

"Nimesema ifutwe!" Na hapo hapo jicho lake likaona neno lile lile alilolisema, *Futa*, limekaa linamsubiri. Akalibonyeza.

Mashine ikauliza: *Una uhakika?*

"Inanihoji?" Mheshimiwa akageuka kuwatazama watumishi. "Mimi? Serikali haina shaka!" Akabonyeza *Ndiyo* kwa nguvu iliyotikisa meza.

Majina yakatoka yote. Kioo kikabaki cheupe, na katikati maandishi madogo: *Wilaya ya Nyamaza. Hakuna mkazi.*

Watu wakapiga makofi, kwa kuwa kidole cha Mheshimiwa kilikuwa kimeinuka. Na umeme, ambao huko Uteuzini huheshimu sana sherehe, ukakatika pale ukumbini.

*

Simu ya Siwema ikalia. Alikuwa Nesi Apolonia.

"Siwema, ndugu yako yuko mlangoni mwa chumba cha upasuaji, lakini mashine inasema hayupo."

"Hayupo vipi? Wewe unamwona?"

"Namwona. Kanishika mkono, ananiumiza hata. Lakini hayupo."

"Nesi!"

"Usinipigie kelele, mwenzangu, mimi mwenyewe nimejitafuta sipo. Uchungu umemwanza, mtoto ametoa mguu. Dokta ameshavaa glavu, lakini anasema hawezi kumpasua mtu asiyekuwepo. Akifa, kifo tunamwandikia nani?"

"Na akipona?"

"Akipona ndiyo balaa zaidi. Tutasema tumemponya nani?" Nyuma ya sauti yake ilisikika sauti nyingine, ya chini, kama mtu anayevuta kamba nzito. Siwema aliijua sauti hiyo tangu ilipokuwa ikililia ziwa la mama yao. "Fanyeni hima huko, mnisikie. Sijui atavumilia hadi lini."

Siwema akasimama.

"Gervasi. Yanarudi?"

Gervasi alikuwa anaitazama plasta. "Yanarudi. Kubonyeza mara moja tu. Lakini lazima iwe kwenye ukurasa huu huu, kabla haujafungwa." Akainama kukitazama kioo. "Na betri imekuwa nyekundu."

"Basi bonyeza."

"Mimi?" Kijana akarudi nyuma hatua moja, mikono mgongoni. "Dada, mimi niliteuliwa juzi juzi tu. Mke wangu bado hajamaliza kuwaambia watu."

Siwema akamgeukia Mkuu wa Wilaya. "Mheshimiwa, mdogo wangu yuko mlangoni mwa upasuaji. Wamekataa kumgusa kwa sababu hayumo. Kitufe ni hicho."

"Pole sana, mwanangu," Mheshimiwa akasema, na kwa kweli alikuwa na huruma. "Pole sana. Jambo hili ni zito, na mambo mazito yana ngazi zake. Wacha niombe kibali."

Akatoa simu, akafunga kifungo cha koti, akasimama wima kabla hata haijaita. Akaiweka sauti kubwa ili watu wasikie kwamba anajulikana.

"Jumba la Uteuzi," ikajibu sauti ya kukwaruza.

"Fungameza hapa, wa Nyamaza. Tunaomba kibali cha... cha lile neno. La kona."

"Neno gani?"

Mheshimiwa akafumba macho. "Kutengua."

Ukumbi mzima ukavuta pumzi. Huko kwenye simu karatasi zikachakarishwa.

"Jina la mtenguliwa?"

"Si mtu, mzee. Ni kitufe."

"Kitufe nani?"

"Kitufe tu."

"Kitufe bin nani? Cheo chake?"

"Hana cheo, mzee. Yuko kwenye kompyuta."

"Aha, wa TEHAMA. Sasa sikiliza, Fungameza. Hatutengui mchana. Kutengua ni saa mbili usiku, taarifa ya habari, baada ya wimbo. Na hatutengui hewa. Tupatie jina kamili la mtu. Tusipopata la mtu mwingine, lako tunalo."

Simu ikakatika. Kompyuta ikatoa mlio mmoja mwembamba, *ti*, kama kifaranga aliyekanyagwa.

"Anasemaje huyo?" akauliza Afisa Kilimo, boksi lake kifuani.

"Anasema betri inakwisha," Gervasi akajibu.

Mheshimiwa Fungameza alikuwa akiangalia nyuso za watu, moja baada ya nyingine, kama mtu anayechagua kuku wa kuchinja na hataki kuonekana. Kila aliyetazamwa aliinama kufunga kamba za kiatu. Wengine walikuwa wamevaa ndala. Macho yakaja yakatua kwa Siwema.

"Huyu haiwezekani," Bi Sikudhani akasema bila kuulizwa. "Ni wa mkataba. Hatenguliwi mtu ambaye hakuteuliwa. Sheria haina mlango wa kumpitishia."

"Basi tusubiri saa mbili," Mheshimiwa akasema. "Siwema, mwanangu, kaa. Itatangazwa tu."

"Havijawa hawezi kungoja taarifa ya habari."

"Kila mtu ana ndugu, Siwema. Ndugu zetu wote hawapo sasa hivi. Mbona sisi tumetulia?"

*Ti.*

Siwema akaenda mezani.

Hakuna aliyemzuia, kwa sababu kumzuia kungekuwa kukiri kwamba umejua anakokwenda. Bi Sikudhani peke yake alimfuata, kitabu kimefunguliwa, akisoma kwa haraka kama anayesomea maiti: "Atakayetengua... atakayejaribu... Siwema, mama, mimi nakupenda, usinifanye nishuhudie... atakayeonekana usoni..."

"Nionekane," Siwema akasema.

Bwana wa miwani alikwisha fika mbele. Alikuwa amesimama upande wa pili wa meza, mrefu, ananukia karafuu, na mkono wake ulikuwa umelala juu ya kompyuta kama mtu aliyempakata mtoto asiye wake. Wakatazamana. Yaani Siwema alimtazama. Yeye ilikuwa vigumu kujua.

"Unamjua mtu huko hospitali?" Siwema akamwuliza polepole.

Wiki nzima hakuna aliyesikia sauti ya bwana yule, na wengi waliamini hakupewa. Simu ya Siwema ikaanza kulia tena mkononi, na yeye hakuipokea, kwa kuogopa itakachosema. Ikalia. Ikalia.

"Ukuta ule," bwana wa miwani akasema hatimaye, na sauti yake ilikuwa nyembamba, ya kawaida, ya mtu aliyepungukiwa usingizi, "haujakaguliwa." Akaondoa mkono. Akageuka, akauelekea ukuta, akaanza kuukagua.

Sijui kama ilikuwa huruma au shingo ilimwuma. Ninaeleza nilichoambiwa.

Siwema akaingiza ukucha chini ya plasta. Ilikuwa imeshika tangu Jumatatu, ikatoka na mlio wa kuchana, na wanaume wawili wakaziba masikio. Chini yake neno lilikuwa pale pale, dogo, jeupe, herufi sita, wala halikuwa na sura mbaya.

*Ti*, ikalia kompyuta. *Ti, ti.*

Akabonyeza.

Kwanza hakikutokea kitu. Siwema aliiona sura yake kwenye kioo cheupe, na nyuma ya sura yake ukumbi mzima wenye midomo wazi. Kisha jina moja likatokea juu, halafu la pili, halafu yakaanza kumiminika kama mchele kutoka gunia lililochanika: akina Abuu, akina Bahati, wazee, vichanga, Fungameza mwenyewe, Apolonia, na katikati ya herufi H, Havijawa. *Imehifadhiwa*, mashine ikasema, kwa heshima. Halafu ikazima, ikawa kipande cha plastiki.

Akapokea simu.

"Amerudi!" Nesi Apolonia alikuwa anapiga kelele. "Yupo! Dokta, yupo huyu! Sukumeni kitanda!"

"Alikuwa hajaenda popote," Siwema akasema, lakini simu ilikwisha katwa.

Akakaa juu ya sakafu. Mheshimiwa Fungameza akakohoa, akashika kona za koti lake.

"Ndugu watumishi," akasema, "kama mlivyoona, mafunzo yamefanikiwa kwa kiwango cha juu sana." Makofi. Kisha akainama, sikioni mwa Bi Sikudhani, akasema kitu ambacho Siwema alikisikia vizuri: "Sasa jina tunalo. Wewe tafuta mlango."

*

Mtoto alikuwa wa kike, mwenye sauti ya kudai. Mguu aliotangulia kuutoa ulikuwa na rangi ya zambarau, ila Nesi Apolonia alisema utarudi rangi yake. Havijawa alishonwa, akarudishwa wodini, akalazwa pale pale mzungu wa nne na yule mama wa vidole vya baridi, na mama mwingine aliyeongezwa mchana. Kila mmoja wao akigeuka, mshono ulimvuta Havijawa akauma shuka.

"Hukuwa nje ya mlango," akamwambia dada yake.

"Nilichelewa kidogo."

"Niliambiwa sipo." Havijawa akacheka, akajuta kucheka, akashika tumbo. "Nikasema basi kama sipo, uchungu huu ni wa nani, mpeni mwenyewe."

Siwema akasimama kando ya kitanda akiwa amempakata mtoto, kwa kuwa pa kumlaza hapakuwepo. Akatazama kile kitanda cha dirishani na shuka lake.

"Nesi, kwa usiku mmoja tu. Unaona anavyobanwa, mshono utafumuka."

"Naona kwa macho yangu." Apolonia alikuwa amekaa mezani kwake, redio ndogo pembeni. Hakuwa mbaya, alikuwa mwoga, na uoga una saa za kazi. "Kile hakilaliwi mpaka Mkurugenzi aseme. Mkurugenzi yeyote. Niletee Mkurugenzi, mimi nakitandua sasa hivi."

Redio ikapiga wimbo. Saa mbili ilikuwa imefika. Wodi nzima ikanyamaza kwa mazoea. Hata mtoto akanyamaza.

"Mteuzi Mkuu," akaanza mtangazaji kwa sauti ya mafuta, "leo amemteua Bi Siwema, karani wa masjala, Nyamaza, kuwa Mkurugenzi Mkuu wa Mafunzo ya Kidijitali kwa Watumishi wa Serikali za Mitaa. Uteuzi huo unaanza mara moja."

Siwema akadhani amesikia vibaya. Kisha akamkumbuka Bi Sikudhani na kitabu chake, akaelewa. Asiyeteuliwa hatenguliwi. Mlango umepatikana. Wamempandisha juu ya kiti ili wapate pa kumwangushia.

"Aidha..." mtangazaji akaendelea, na hapo kitu kikamkwama kooni. Akakohoa. "Samahani, wasikilizaji." Glasi ikagonga meza, na maji yakasikika yakishuka kooni, kote nchini.

Nesi Apolonia alikwisha inuka, visigino vimeshikana. "Shikamoo, Mkurugenzi."

Siwema hakuitikia marahaba. Alijua kikohozi hakina urefu.

"Kile kitanda," akasema, "ni cha Havijawa na mwanawe, hadi wapone. Ni agizo."

"Ndiyo, Mkurugenzi!"

Shuka likapaa, chandarua kikashushwa, mikono minne ikamwinua Havijawa, na kichwa chake kikagusa mto wakati mtangazaji alipokuwa akiweka glasi chini.

"Aidha, Mteuzi Mkuu ametengua uteuzi wa Bi Siwema kuanzia leo, na mkataba wake wa awali umekoma. Taarifa haikueleza sababu. Na sasa michezo."

Apolonia alikuwa ameshika ncha ya chandarua, hajui aifunge au aifungue. Akamtazama Siwema, ambaye sasa hakuwa Mkurugenzi, wala karani, wala chochote ambacho Uteuzini wana jina lake. Akakitazama kitanda.

"Nimtoe?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Mimi sina kauli tena," Siwema akasema, huku akimlaza mtoto ubavuni mwa mama yake. "Lakini agizo lilitolewa na Mkurugenzi Mkuu akiwa na mamlaka kamili. Wewe una uhakika unataka kulitengua?"

Apolonia akaachia chandarua kama aliyeshika kaa la moto. Akarudi mezani, akakaa, akaisikiliza michezo.

Alfajiri alikuja Mganga Mkuu wa Wilaya, akakuta kitanda kina mtu, akauliza, akaelezwa, akaondoka kwa kunyata. Mheshimiwa Fungameza akaletewa suala hilo, akasema lina ngazi zake. Bi Sikudhani akafungua kitabu, akakifunga. Mpaka leo kuna barua inapanda kutoka Nyamaza kwenda Jumba la Uteuzi kuomba kibali cha kukirudisha kitanda kile, na kila inapofika huko huulizwa jina kamili la mtenguliwa.

Havijawa alipona, akaenda zake nyumbani na mwanawe na dada yake asiye na kazi. Kitanda walikiacha wazi. Mama wa vidole vya baridi akahamia bila kumwuliza mtu.